Mbwa aliyeitwa mshenzi sasa ni fahari ya mataifa, nduguze wangali wanadharauliwa mpakani

MGENI anayeteremka garini mjini Busia kwa mara ya kwanza huona mengi kabla ya kumwona mbwa. Huona malori yaliyopanga foleni, waendeshaji bodaboda wakigombea abiria, wabadilishaji pesa wakiwa na matita ya noti za Kenya na Uganda, na akina mama wakivuka mpaka na vikapu vya samaki na mikungu ya ndizi.

Mbwa yuko papo hapo. Amejilaza chini ya meza ya mchuuzi wa nyama, au anavuka barabara kwa utulivu kati ya malori mawili kana kwamba ndiye mwenye mji. Ni mdogo wa umbo, manyoya yake ni mafupi, rangi yake ni ya udongo, na hakuna anayemtazama mara mbili. Huko Malaba, upande wa kaskazini, hali ni iyo hiyo.

Watu humwita mbwa wa kienyeji. Wengine humwita mbwa koko, hata kama ana mwenyewe na kwao kunajulikana. Akiiba kipande cha nyama, huongezewa jina la tatu: mshenzi.

Ni wachache wanaofahamu kwamba tusi hilo la mwisho ndilo jina rasmi la mojawapo ya mbwa wadogo wanaoenziwa sana Ulaya na Marekani. Mbwa huyo huitwa basenji. Huko ughaibuni hulala kwenye makochi, huandikiwa nasaba ya vizazi kadhaa, na kwa kawaida huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Asili yake si Ulaya wala Marekani. Ni misitu na mbuga za Kongo na Sudan Kusini, nchi ambazo zote mbili zinapakana na Uganda, iliyo ng'ambo tu ya Busia na Malaba.

Historia ya mbwa huyu ina funzo kwa wakazi wa mpakani, kwani inaonyesha jinsi kitu kinachodharauliwa nyumbani kinavyoweza kuwa hazina adimu kwa wengine, na jinsi hazina hiyo inavyoweza kupotea pasipo mtu kutambua.

Jina lenye asili ya Kibantu

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili kuelewa jina basenji. Katika Kilingala na lugha jirani za Kongo, kiambishi 'ba-' hufanya kazi ile ile inayofanywa na 'wa-' katika Kiswahili. Basenji, kwa hivyo, ni washenzi, na maneno hayo mawili yana undugu ulio wazi. Mbwa wa basenji alikuwa mbwa wa watu wa kijijini, wale ambao wakazi wa mijini na watawala wa kikoloni waliwaona kuwa hawajastaarabika.

Neno mbwa lenyewe pia ni la kale. Waganda husema embwa, Wabukusu husema embwa, nao Waluhya wengine husema imbwa. Kufanana huko kunadhihirisha kwamba wazungumzaji wa lugha za Kibantu wamemjua mnyama huyu tangu zama za mababu wa mababu zao, kabla ya lugha hizo kutengana.

Hata hivyo, mbwa hakuanza kufugwa kusini mwa Sahara. Wataalamu wanakubaliana kwamba mbwa wote wa nyumbani walitokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, kisha wakaingia Afrika kupitia kaskazini mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka bonde la mto Naili waliteremka polepole pamoja na wafugaji na wakulima, hadi wakafika misituni.

Yapo madai yanayorudiwa mara kwa mara kwamba basenji alikuwa zawadi kwa mafarao wa Misri. Madai hayo hutokana na michoro ya makaburini inayoonyesha mbwa wenye masikio yaliyosimama na mikia iliyojikunja. Kufanana huko kunavutia, lakini mchoro si ushahidi wa nasaba. Ushahidi wa maana zaidi ulipatikana baadaye katika maabara, kama itakavyoelezwa.

Mbwa asiyebweka

Basenji ana kimo cha sentimita 40 hadi 43 mabegani na uzani wa takriban kilo 10 au 11. Masikio yake husimama wima, paji lake la uso lina mikunjo kama la mtu mwenye mawazo, na mkia wake hujikunja ukalala juu ya kiuno. Hujilamba na kujisafisha kama paka. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, ilhali mbwa wengi wa kizungu hupata joto mara mbili.

Sifa iliyompa umaarufu zaidi ni ukimya wake. Basenji habweki kwa mfululizo kama mbwa wengine. Hii haimaanishi kwamba ni bubu. Hunguruma, hulia, na anapofurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka inayokaribia wimbo.

Katika msitu wa Ituri, wawindaji walizigeuza tabia za mbwa huyo kuwa mbinu. Kwa kuwa hakupiga kelele, walimfunga kengele ya mti shingoni ili wajue alipo anapowafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Mtafiti wa Kijerumani, Georg Schweinfurth, aliyesafiri katika nchi ya Wazande kati ya 1868 na 1871, aliwaeleza mbwa wadogo wa aina hiyo pamoja na kengele zao.

Wawindaji hao hawakuwa na daftari la nasaba wala mashindano ya urembo. Mbwa aliyewinda vizuri alilishwa na akazaa, na aliyeshindwa hakudumu. Hivyo ndivyo umbo na tabia ya mbwa huyo vilivyotengenezwa kwa karne nyingi, pasipo mtu kudai kwamba ndiye aliyemtengeneza.

Safari iliyojaa vifo

Wazungu walipoanza kumtamani mbwa huyo, safari ya kumtoa Afrika iligeuka kuwa msururu wa misiba.

Mwaka wa 1895 mbwa wawili wa aina hiyo walipelekwa Uingereza na kuonyeshwa katika mashindano mashuhuri ya Crufts. Muda si muda walikufa kutokana na homa ya mbwa, ugonjwa wa virusi ambao miili yao haikuwa na kinga dhidi yake.

Mwaka wa 1923 Lady Helen Nutting, Mwingereza aliyekuwa akiishi Khartoum, aliwasafirisha mbwa sita kutoka Sudan hadi Uingereza. Walichanjwa ili wasipatwe na maradhi yale yale, lakini chanjo ya enzi hizo haikuwa salama. Wote sita walikufa.

Ni katika miaka ya 1930 ambapo mambo yalibadilika. Olivia Burn alifaulu kuwazalisha mbwa aliowatoa Kongo, na mwaka wa 1937 akawaonyesha katika Crufts. Umati ulifurika kumtazama mbwa wa Afrika asiyebweka. Ni wakati huo ambapo jina basenji lilianza kukita mizizi.

Mwaka huo huo mbwa wengine walipelekwa New York, lakini karibu wote walikufa. Alinusurika dume mmoja tu. Mnamo 1941 meli ya mizigo kutoka Afrika Magharibi ilitia nanga Boston, na ndani ya shehena mabaharia wakamkuta mbwa jike aliyekonda mno, aliyekuwa amejificha humo safari nzima. Alipewa jina Congo. Dume wa New York na jike huyo mzamiaji wakawa miongoni mwa wazazi wa basenji wa Marekani.

Klabu ya basenji ya nchi hiyo iliundwa mwaka wa 1942, na mwaka uliofuata mbwa huyo akatambuliwa rasmi. Mwaka wa 1954 mwandishi James Street alichapisha riwaya kuhusu mvulana na mbwa wa aina hiyo, ikatengenezewa filamu mwaka wa 1956. Tangu hapo mbwa wa msituni akawa mbwa wa sebuleni.

Damu ilipopungua, walirudi Afrika

Fahari hiyo ilikuwa na gharama iliyofichika. Maelfu ya basenji wa Ulaya na Marekani walikuwa uzao wa mbwa wachache mno waliosalimika katika safari zile za kwanza. Ndugu walizalishana na ndugu, na maradhi ya kurithi yakaanza kujitokeza.

Kwanza ulikuja upungufu wa damu unaosababishwa na hitilafu katika chembe nyekundu. Wafugaji walipowaondoa mbwa wenye kasoro hiyo katika uzalishaji, walizidi kupunguza idadi ya wazazi. Kisha likaja tatizo la figo lijulikanalo kama Fanconi, ambapo figo hushindwa kuhifadhi sukari na virutubisho vingine, vikamwagika katika mkojo. Kipimo cha kwanza cha kinasaba cha kutambua ugonjwa huo kilipatikana mwaka wa 2007, na kingine chenye uhakika zaidi kikafuata mwaka wa 2011.

Suluhisho lilikuwa moja tu: kurudi kwenye chanzo. Mwaka wa 1959 Mwingereza Veronica Tudor-Williams alisafiri hadi kusini mwa Sudan na kurudi na jike aliyeitwa Fula. Damu ya jike huyo wa kijijini imeenea katika karibu nasaba zote za basenji wa nchi za Magharibi.

Mwaka wa 1987 Wamarekani Jon Curby na Michael Work waliingia Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakitafuta mbwa vijijini. Safari nyingine ilifuata mwaka wa 1988. Mwaka wa 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake la nasaba na kuwaingiza mbwa hao wa Kongo, hatua isiyo ya kawaida kwa chama kinachojivunia usafi wa damu. Daftari lilifunguliwa tena mwaka wa 2009 kwa sababu iyo hiyo.

Maana ya hatua hiyo ni nzito. Mbwa mwenye cheti, kochi na daktari wake binafsi aliokolewa na mbwa wa kijijini asiye na jina.

Maabara yatoa ushahidi

Mwaka wa 2004 wanasayansi wa Marekani walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa aina 85. Basenji alijitokeza miongoni mwa wachache waliojitenga mapema kabisa na wengine, pamoja na mbwa kadhaa wa kale wa Uchina na Japani.

Utafiti uliofuata ulikaribia zaidi nyumbani. Mwaka wa 2009 kundi la watafiti likiongozwa na Adam Boyko lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Ilibainika kwamba mbwa wa vijijini barani Afrika ni wa makundi mawili: wale wa uzao wa mbwa wa kwanza kuingia Afrika, na wale waliochanganyika na mbwa wa kigeni walioletwa baadaye. Basenji aliangukia katika kundi la mbwa wa asili ya Afrika.

Kinyume chake, mbwa wawili wanaosifiwa kuwa wa Kiafrika, yule anayeitwa mbwa wa farao na yule wa Rhodesia mwenye mstari mgongoni, walionekana kuwa na damu ya kigeni kwa kiasi kikubwa. Jina kubwa halikuwa dhamana ya asili.

Mwaka wa 2021 wanasayansi walichapisha ramani kamili ya vinasaba vya basenji. Walimchagua kwa kuwa yuko karibu na shina la mti wa ukoo wa mbwa, hivyo anafaa kuwa kigezo cha kuwalinganisha wengine.

Utafiti wa 2009 haukuchukua sampuli Busia wala Malaba. Mbwa wa mji huu si basenji, na wengi wao hubweka usiku kucha kama majirani wanavyojua. Jamaa si pacha. Lakini mbwa wa vijijini wa ukanda huu hawakuumbwa na mpaka uliochorwa na wakoloni. Kuna umbali wa hatua chache tu kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, nao mto Malaba haujawahi kumzuia mbwa mwenye njaa.

Waliofuatwa kwa mitambo Busia

Mbwa wa Busia nao wamewahi kuchunguzwa, japo kwa lengo tofauti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, wataalamu walichagua maeneo manane ya kaunti hii, na katika kila eneo boma kumi zenye mbwa. Mbwa mmoja wa kila boma alivishwa shingoni kifaa cha setilaiti kilichorekodi alipo kila dakika kwa siku tano mfululizo.

Takwimu za mbwa 73 zilipatikana. Kwa wastani kila mmoja alitembea kilomita 13.5 kwa siku, na mmoja alifikisha kilomita 28. Licha ya mwendo huo, eneo lote walilozunguka lilikuwa wastani wa hekta 9.3 pekee, na muda mwingi walikuwa karibu na nyumbani.

Wenye mbwa waliwaambia watafiti kwamba huwafuga hasa kwa ulinzi na kuchunga mifugo, na kwamba ni nadra kuwafungia. Kwa maneno mengine, mbwa anayeonekana akirandaranda sokoni mara nyingi si koko. Ana mwenyewe, ana kazi, na jioni hurudi kwake.

Mitambo hiyo haikuvalishwa kwa ajili ya nasaba, bali kwa sababu mbwa anayetembea huru anaweza kueneza maradhi. La kutisha zaidi kati ya hayo ni kichaa cha mbwa.

Kichaa hakitambui mpaka

Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa, uwezekano wa kupona ni kama haupo. Watoto ndio huathirika zaidi, kwani ndio wanaocheza na mbwa na ndio wanaoficha kwamba wameumwa.

Nchini Kenya ugonjwa huo ulithibitishwa kwa mara ya kwanza kwa mbwa mwaka wa 1912, karibu na Nairobi, na kwa binadamu mwaka wa 1928, katika eneo la Ziwa Viktoria. Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030. Kaunti tano zilichaguliwa kuanza, zikiwemo Kisumu na Siaya, ambayo inapakana na Busia.

Msingi wa mpango huo ni hesabu rahisi. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa kila mwaka kwa miaka kadhaa, virusi hukosa pa kupita. Katiba ya 2010, kupitia Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa.

Ugumu wa Busia na Malaba ni kwamba hesabu hiyo ina pande mbili. Kuchanja mbwa wa upande wa Kenya huku wale wa ng'ambo wakiachwa, au kinyume chake, ni kuteka maji kwa pakacha. Tangu kuzinduliwa rasmi kwa kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia mnamo Februari 2018, maafisa wa nchi mbili hukagua shehena chini ya paa moja. Mtu anayesafiri na mbwa kihalali hutakiwa kuwa na vyeti vya afya na vya chanjo. Lakini mbwa anayevuka kwa miguu yake hana cheti wala hapangi foleni.

Baadhi ya watu huona kwamba dawa ni kuwaua mbwa wanaorandaranda kwa sumu au risasi. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara kadhaa kwamba mauaji hayo hayamalizi kichaa. Waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na mbwa wageni wasio na kinga.

Anayeumwa na mbwa hapaswi kusubiri kuona iwapo mbwa huyo atakufa. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa akimbizwe hospitalini kupata chanjo. Hatua hizo mbili zikichukuliwa mapema huokoa maisha.

Hazina isiyo na mlinzi

Hapa ndipo mambo haya mawili, nasaba na afya, yanapokutana. Chanjo inayomlinda mtoto wa Malaba dhidi ya kichaa ndiyo hiyo hiyo inayomlinda mbwa wa kienyeji dhidi ya sumu na risasi za hofu.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya. Watu wenye uwezo mijini hununua mbwa wakubwa wa kizungu, na wengi huamini kwamba kumchanganya mbwa wa kienyeji na mgeni ni kumwendeleza. Utafiti wa 2009 ulionyesha mwisho wa njia hiyo: katikati mwa Namibia mbwa wengi wa vijijini walikuwa wamechanganyika sana na mbwa wa kigeni. Mbwa wa Uganda, kwa sehemu kubwa, walikuwa bado na damu yao ya asili.

Mbwa huyo wa asili amestahimili joto, kupe, njaa na maradhi kwa vizazi visivyohesabika pasipo daktari. Iwapo siku moja atahitajika, kama wafugaji wa basenji walivyomhitaji mwaka wa 1987, hatapatikana katika duka lolote.

Neno bodaboda, ambalo asili yake huhusishwa na mpaka huu huu, lilianza kama mwito wa vijana wa baiskeli na sasa limo kamusini. Neno basenji nalo lilianza kama dharau na sasa limo katika madaftari ya nasaba ya ulimwengu mzima. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbwa aliyejilaza chini ya meza ya mchuuzi sokoni Busia hahitaji kochi wala cheti cha nasaba. Sindano moja ya chanjo kwa mwaka ingemfaa zaidi, pamoja na jina lililo bora kuliko mshenzi.